Usiku unaingia, maduka yanafungwa: juu ya Castlevania ya zamani na zile zilizotengenezwa upya

Jumapili moja hapa Butembo nilikuwa nimekaa barazani, simu imeshikana na pawabanki, ninacheza. Yaya yangu akapita nyuma yangu na ndoo ya maji, akasimama kidogo kuangalia.

— Unauaka nani apo?

— Dracula, yaya.

— Na ule Dracula alikukosea nini?

— Iko mchezo tu, yaya. Ule ni mnyonya damu.

— Nani alikuambia kama ananyonyaka damu? Ulimuona?

Akaingia ndani na maji yake. Wengine mtasema ni swali la mtu asiyejua michezo. Lakini yaya ni muuguzi. Wakati wa Ebola alifanya kazi katika riposte, na kuna mtaa mmoja ambamo walimfukuza na mawe, yeye na wenzake, juu watu walisema wanakuja kuchukua damu ya kuuza. Kwa hiyo nimeamua kujibu maswali mawili hapa. La kwanza ni la kawaida: kati ya michezo hii ya kuwinda vampiri, ile ya zamani na ile iliyotengenezwa upya, ipi inafaa wakati wetu? La pili ni la yaya.

Kwa wasiojua: Castlevania ni mfululizo wa kampuni ya Kijapani, Konami. Wa kwanza ulitoka Japani tarehe 26 Septemba 1986. Unamwona mtu kwa ubavu, anatembea toka upande mmoja wa kioo kwenda mwingine, anapanda ngazi, anavunja mishumaa kwa chikoti. Jina lake ni Simon Belmont. Mwisho wa kasri anamngoja Dracula, yule wa kitabu cha Bram Stoker cha 1897. Hadithi ndiyo hiyo, hakuna zaidi. Hata majina ya mwisho ya mchezo ni utani juu ya sinema za zamani za kutisha. Muziki, ambao aliutunga dada mmoja kijana, Kinuyo Yamashita, pamoja na mwenzake, umeandikwa kuwa kazi ya «James Banana». Mimi mtu wa migomba nilicheka siku nzima.

Niliujua kupitia zile mashine za Kichina za bei ndogo, zenye kaseti ya manjano inayodai kuwa na michezo elfu, kumbe ni kumi na kitu inayorudiarudia. Wafanyabiashara wetu walizileta pamoja na vitenge na vipuri vya pikipiki. Katika chumba cha michezo ulilipa kwa dakika, na grupu ikizimika, franga zako zimekwenda. Watoto wengi walitaka mpira. Sisi watatu tulitaka kasri.

Mchezo huo ulikuwa mgumu, lakini ugumu wake uko na akili. Simon akisharuka, huwezi kumrudisha hewani: umeamua, umeamua. Adui akikugusa, unarushwa nyuma, na nyuma kuna shimo. Chikoti kinachelewa kidogo kabla ya kufika. Mioyo unayookota haiongezi uhai hata kidogo. Ni malipo ya silaha nyingine, kama vile kisu, shoka, maji matakatifu na msalaba unaorudi. Uhai uko katika nyama iliyofichwa ndani ya ukuta, na ukuta unaonekana kama kuta zote. Nani anasahau ile koridori mbele ya Kifo? Mbele yako kuna wanajeshi wa chuma wanaotupa mashoka yanayokwenda na kurudi, huku vichwa vya Medusa vinaruka kwa mawimbi, juu na chini, bila kuisha. Pale unafahamu kwamba kukimbia hakusaidii, wala kusimama. Inabidi kuhesabu. Nilikufa pale zaidi ya mara mia, na sikumbuki hata mara moja ambayo kosa halikuwa langu.

Sasa tuje kwenye kutengeneza upya. Konami wameirudilia safari hii ya Simon mara nyingi, mpaka mtu anachanganyikiwa. Mwaka uleule wa 1986 walitoa toleo la kompyuta ya MSX2. Mwaka 1988 walileta Haunted Castle kwa mashine kubwa za kutia sarafu. Mwaka 1991 ikaja Super Castlevania IV. Mwaka 1993 wakatoa nyingine kwa kompyuta ya X68000, nayo mwaka 2001 ikahamia PlayStation kwa jina la Castlevania Chronicles.

Wengi wanaiweka ile ya 1991 juu kabisa. Mimi sikubali moja kwa moja. Ni nzuri kwa macho, na muziki wake unaingia pole pole kama ukungu wa asubuhi. Simon anaweza kupiga chikoti pande nane, anaweza kujining'iniza, anaweza kujigeuza akiwa hewani. Mwili wake umekuwa mwepesi. Lakini angalia matokeo: kama chikoti kinafika juu, chini na pembeni, shoka ni la nini? Silaha zote za pembeni zikawa mapambo. Ukimpa mkulima chombo kimoja kinacholima, kinachopalilia na kinachovuna, panga lake litaota kutu ukutani, na siku moja atashangaa amesahau kulinoa. Toleo la 1993 lilielewa hilo: lilirudisha uzito na adhabu, lakini kwa sura nzuri zaidi. Kwa mimi, kati ya wote waliomtembeza Simon tena, lile ndilo linaheshimu ya kwanza.

Sasa ile inayonishangaza. Ukichunguza vizuri, matengenezo yaliyofaulu zaidi ni ya michezo mibovu. Castlevania: The Adventure, ya Game Boy, 1989, ilikuwa mateso: shujaa, Christopher Belmont, anatembea kama mtu aliyebeba gunia la kahawa mlimani, hakuna silaha za pembeni, na ukiguswa chikoti chako kinarudi kuwa kidogo. Mwaka 2009 kampuni ya M2 ikaichukua na kuijenga karibu yote upya kwa mashine ya Wii, kwa jina ReBirth. Ikawa mchezo mtamu, wa haraka, wenye njia za siri. Haunted Castle ya 1988 nayo ilikuwa ya kula sarafu: pigo moja linakata uhai mwingi, na idadi ya kuendelea ilikuwa na mpaka hata kama uko na pesa mfukoni. Mwaka 2024, M2 walewale wakaitengeneza tena, Haunted Castle Revisited, ndani ya mkusanyo wa Dominus Collection. Mawazo ni yaleyale, yaani harusi, bibi arusi anaibwa, shujaa anafuata, lakini sasa mtu anaweza kuicheza kwa furaha.

Sisi watu wa kahawa tunajua jambo hili. Recépage, kukata shina ili machipukizi mapya yatoke, haifanywi kwa mti unaozaa vizuri. Unafanya kwa mti ambao shina limechoka lakini mzizi uko mzima. Haunted Castle ilikuwa hivyo: wazo zima, mwili mchovu. Castlevania ya 1986 bado inazaa, haihitaji panga. Inahitaji tu kutunzwa, ipatikane, isipotee. Na hapa Konami wana deni. Ile ReBirth nzuri iliuzwa kwa njia ya duka la intaneti la Wii peke yake, na duka hilo lilifungwa Januari 2019. Leo huwezi kuinunua mahali popote, hata kama uko na dola mkononi. Walitengeneza upya kitu kibovu, kikawa kizuri, halafu wakakizika.

Nawasifu kwa jambo moja: The Dracula X Chronicles ya PSP, 2007. Ni matengenezo ya Rondo of Blood, ambayo ilitoka Japani mwaka 1993 na haikuwa imetoka kule kirasmi. Michoro mipya ni ya kawaida tu, na kuna mahali inaonekana baridi kuliko ile ya zamani. Lakini ndani yake walificha Rondo yenyewe ya 1993, na pia Symphony of the Night ya 1997. Unatembea ndani ya mtoto, ghafla unamkuta mzazi amekaa chumbani. Kila mwenye kutengeneza upya angefanya hivyo: weka kazi yako, weka na ile uliyoifuata, acha watu waamue wenyewe.

Mpaka hapa najibu swali la kwanza. Lakini kuna mchezo mmoja ambao Konami hawajawahi kuutengeneza upya, nao ndio unaonipeleka kwa swali la yaya. Ni wa pili katika mfululizo, Simon's Quest, 1987. Dracula amekwisha kufa, lakini Simon anatembea na laana yake mwilini. Lazima akusanye vipande vya mwili wa Dracula katika nyumba mbalimbali, avichome, ndipo apone. Safari hii hakuna kasri moja: kuna vijiji, misitu, mito, barabara. Na kuna saa. Uko njiani, katikati ya pori, maandishi yanakuja kukuambia usiku umeingia. Rangi zinageuka. Adui wanakuwa wagumu mara mbili. Ukikimbilia kijijini unakuta milango yote imefungwa, muuzaji hayupo, padri hayupo, na barabarani wanatembea wafu. Unangoja asubuhi.

Wachezaji wa Amerika na Ulaya wamelaumu mchezo huu miaka na miaka: unakatakata mwendo, unapoteza muda wa watu. Kwa upande wa ufundi wako na haki, yale maandishi yanachosha. Lakini mtu wa Beni anayesoma lawama hizo anatabasamu tu. Tangu Oktoba 2014, wakati mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, sisi tunaishi na saa hiyo. Kuna barabara ambayo saa tisa ni barabara, na saa kumi na mbili si barabara tena. Butembo mpaka Beni ni kilomita kama 54 tu, lakini kila mtu anayeondoka anauliza kwanza: nitafika mbele ya giza? Na état de siège ya tangu Mei 2021 haikuondoa swali hilo. Sijawahi kuona mchezo mwingine ambamo jambo la kutisha si jitu, ila ni duka kufungwa.

Kuna lawama ya pili: watu wa vijijini katika Simon's Quest wanadanganya. Unauliza njia, mmoja anakupa habari ya kweli, mwingine ya uongo, na hakuna alama ya kuwatofautisha. Tafsiri mbaya ya Kiingereza iliongeza ukungu, lakini uongo wenyewe ulikuwa sehemu ya mchezo. Wanasema ni kosa. Mimi nasema ndiyo sehemu ya kweli kupita zote. Mahali penye hofu, habari zinakuwa hivyo. Si kwamba watu ni wabaya. Ni kwamba hakuna tena mtu ambaye wote wanamwamini.

Mnakumbuka. Ebola ilitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018 na ilikwisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa 3470, wafu 2287. Katikati yake, uchaguzi wa Desemba 2018 ulifanyika nchini, lakini Beni na Butembo tukaambiwa tungoje mpaka Machi kwa sababu ya ugonjwa. Watu waliokuwa wameona miaka minne ya mauaji bila msaada, sasa wanaona magari mapya, pesa, na mtu amevaa nguo nyeupe inayofunika hata uso, anauliza damu. Wakasema: hawa ndio wenyewe. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 Aprili 2019 dokta Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyetumwa na OMS, akauawa kwa risasi hapa Butembo, hospitalini, akiwa kazini.

Habari za wanyonya damu hazikuja kwetu na Konami. Pwani wazee walisema mumiani, Katanga wakasema batumbula: watu wa mzungu wanaokamata wengine usiku na kuchukua damu au nyama yao. Mwanahistoria Luise White alitoa kitabu kizima juu ya hadithi hizo mwaka 2000, na anazisoma kama namna ya watu wa ukoloni ya kusema wanavyotumiwa. Sawa. Lakini hadithi ikiwa na maana haina maana kwamba mtu anayetajwa ndani yake ana kosa. Mawe yaliyomfikia yaya hayakuwa ishara ya kitu. Yalikuwa mawe.

Ndipo nikarudi kwa Symphony of the Night na macho mengine. Ndiyo ile nilikuwa nacheza barazani. Iko kwa simu tangu Machi 2020, kwa tafsiri na sauti zilizorekodiwa upya za lile toleo la PSP, na vidole vinateleza kwenye kioo kama kwenye samaki. Shujaa ni Alucard, mtoto wa Dracula mwenyewe na mwanamke wa kawaida, Lisa. Katikati ya mchezo anaota ndoto: mama yake amefungwa msalabani, anangoja kuuawa. Kosa lake? Alitengeneza dawa. Aliponya watu, nao wakasema ni mchawi. Katika ndoto Lisa anamwomba mtoto alipize kisasi, na hapo Alucard anatambua kwamba huyu si mama yake, ni jini aliyevaa sura yake. Mwisho kabisa, mbele ya baba anayekufa, anatoa maneno ya kweli ya mama: kwamba wasiwachukie binadamu, maana maisha yao tayari ni magumu.

Nilikuwa nimemaliza mchezo huo mara tatu mbele ya 2019 bila kusimama hapo. Nilikuwa natafuta panga.

Kama mchezo, Symphony ina matatizo. Ukipata panga la Crissaegrim hakuna tena vita, ni kufagia tu. Nusu ya pili ni kasri lilelile limegeuzwa kichwa chini. Na Lisa mwenyewe anapewa dakika chache: hatuoni mgonjwa hata mmoja wake, hatujui alitibu nini, kwa majani gani. Yuko pale ili mume apate sababu ya hasira. Ile filamu ya katuni ya Netflix, 2017, ilirekebisha kidogo: inaanza na Lisa anayegonga mlango wa Dracula kutafuta elimu, na inamwonyesha akichomwa moto mbele ya mji. Kwa mimi, hayo ndiyo matengenezo makubwa kuliko michoro yote. Mwaka 1986 hadithi ilisema: kuna jitu, chukua chikoti. Miaka thelathini baadaye inauliza: mbele ya jitu, nani aliuawa, na waliomuua walikuwa akina nani? Jibu ni majirani. Walikuwa na hakika kabisa kama Simon.

Na chikoti chenyewe, tuseme ukweli. Mjapani alikiona katika sinema akakipenda. Katika Kongo, mbele ya kuwa silaha ya shujaa, kilikuwa mgongoni mwa babu zetu. Sisemi tuache kucheza. Nasema mkono wetu unakijua kwa njia nyingine, na kuandika juu ya mchezo huu kutoka hapa bila kusema hivyo ni kunakili makala ya watu wengine.

Kwa hiyo, kwa walioniuliza waanze wapi: anzeni na ya 1986, hata kwa simu, na msitumie ile njia ya kuhifadhi kila hatua. Acheni iwafundishe kuhesabu. Halafu Rondo, halafu Symphony, na mkifika kwenye ndoto, msibonyeze haraka. Kama Konami wanatafuta cha kutengeneza upya, wamuache Simon wa kwanza apumzike, wachukue Simon's Quest: mzizi mzima, shina limechoka. Usiku ubaki. Milango ibaki imefungwa. Hata uongo wa wanakijiji ubaki, lakini watupe njia ya kujua kwa nini wanaogopa.

Jioni ileile nilimweleza yaya habari ya Lisa, kwa kifupi, yeye akichambua maharagwe. Hakuniambia kama mchezo ni mzuri ao mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza:

— Na ule mama, walimuzika wapi?

Nilirudi kutafuta katika kasri lote, lililo sawa na lililogeuzwa. Sikuliona kaburi lake. Mwenye kujua aniambie, nipate cha kumjibu.